Siku za Mtungi, Siku za Dawa

Kila aliyenitazama wakati ule alitaka kujua jambo moja: kilianza nini, wazimu au pombe? Muuguzi aliuliza. Katekista aliuliza. Shemeji yangu aliuliza akiwa amekunja mikono kifuani. Hata mwanamke niliyekaa naye benchi moja tukingoja daktari, ambaye yeye mwenyewe aliletwa na jino, aligeuka na shavu lake lililovimba akaniuliza. Sikuwa na jibu. Sasa nimepata nafuu ya kutosha kushika kalamu, na jibu bado sina. Namwandikia mwenye mgonjwa wa namna yangu nyumbani, au yule ambaye ndiye mgonjwa mwenyewe, aliyechoka kuulizwa.

Niliolewa Amagoro, upande wa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, mwishoni mwa miaka ya sitini. Mume wangu, Omuse, alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye stesheni ya Malaba. Tuliishi katika boma la mama yake, mjane mwenye sauti ya chini na mkono mgumu, na upande wa pili wa ua alikaa kaka mkubwa wa Omuse, Etyang, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho pale. Mimi nilijulikana kwa kupika ajono, ile pombe yetu ya wimbi, yaani ulezi. Sikuwa nauza. Kwetu, watu wakija kukulimia shamba unawapikia mtungi. Mtu akifa, mtungi. Wimbi ikivunwa, mtungi. Mtoto akizaliwa, bibi yake huchovya kidole ndani ya ajono akamtia mdomoni huku akitaja majina ya wazee, na jina ambalo mtoto atalinyonya ndilo lake. Mnakaa mduara, kila mtu na mrija wake mrefu, mnavuta kutoka mtungi mmoja, na maji moto yanaongezwa. Anayekataa mrija hutazamwa kwa jicho baya, maana nani anaogopa kunywa na wenzake kama si yule anayejua sumu iliyotiwa ndani? Naeleza haya mapema ili mtakapofika kwenye kosa letu msituone wajinga.

Dada yangu mkubwa, Amoit, aliolewa ng'ambo, upande wa Tororo. Zamani ule mpaka ulikuwa mto tu. Niliweza kwenda kwake kuazima ungo asubuhi nikarudi jua halijakuwa kali. Kisha mambo ya Uganda yakaharibika. Watu wakaanza kuvuka kuja kwetu wamebeba magodoro kichwani, na ukiwauliza kitu wanatazama chini. Askari walimchukua mume wa Amoit dukani kwake, na tangu hapo hatukupata tena habari za dada yangu wala watoto wake. Tulituma watu. Mmoja alirudi akasema nyumba imefungwa kwa nje. Mwingine alirudi akasema tusimtume tena.

Nilimsikia Amoit kwa mara ya kwanza wakati wa kiangazi, nikipepeta wimbi uani. Mtoto wangu wa mwisho, Emodo, alikuwa bado ananyonya. Dada yangu aliniita waziwazi kutoka upande wa reli, kwa lile jina la utotoni ambalo Amagoro hakuna anayelijua. Niliweka ungo chini nikaenda. Nilikuta mabehewa ya mizigo yamesimama, yamefungwa. Niligonga la kwanza nikamwita. Nikagonga la pili. Mlinzi wa stesheni alinijua, akaenda kumtafuta Omuse kwenye ghala.

"Unatafuta nini hapa?" Omuse aliniuliza.

"Amoit yuko ndani."

Hakucheka. Aliweka sikio lake kwenye behewa, akasikiliza kweli. Siku zile kila nyumba ilikuwa na ndugu aliyepotea ng'ambo, na habari za watu waliovuka wamejificha kati ya magunia tulizisikia kila mara. Nani angesema ni wazimu? Alinirudisha nyumbani amenishika mkono, na njiani wote wawili tulikuwa tunalia.

Amoit hakukoma. Aliniita nikiwa kisimani, nikiwa kanisani, nikiwa nakoroga uji. Baadaye akaja na sauti nyingine ambazo sikuzijua, za wanaume, zikinitukana na kuniambia ni mimi niliyemsahau. Sikuweza kulala wala kula. Maziwa yakapungua, na Emodo akawa ananyonya huku akinipiga kifuani kwa hasira.

Waragi, ile pombe kali ya Uganda, ndiyo iliyonipa usingizi. Ajono ni pombe ya watu, unakunywa ukiongea na mama mkwe anakuona. Waragi ilikuja kwa chupa kutoka ng'ambo, imefichwa chini ya ndizi, na niliinywa peke yangu nyuma ya ghala la wimbi. Nilipiga mafunda machache, Amoit akanyamaza. Nilimshukuru Mungu, kabisa nilimshukuru, nikalala hadi jua likanikuta. Baada ya muda yale mafunda hayakutosha. Mvua za kupanda zilipoanza, nilikuwa namaliza chupa na Amoit bado anaongea, tena mikono inatetemeka hata kabla sijawasha moto.

Tiba ya kwanza ilikuwa ya kanisa. Katekista alisema ni dhambi ya ulevi, na kwamba sauti zitaondoka pombe ikiondoka. Niliapa mbele ya akina mama wote kwamba sitaonja tena, nikaacha siku hiyo hiyo. Kesho yake nilitapika hadi nyongo. Kesho kutwa yake niliona siafu wakishuka ukutani, wakapanda kitandani, wakamfunika Emodo uso mzima. Nilichukua maji nikamwagia mtoto ili kuwaosha. Namshukuru Mungu maji yalikuwa baridi ya mtungini na si yale yaliyokuwa yakichemka jikoni. Mama mkwe aliingia kwa zile kelele, akamnyakua mtoto akampeleka nyumbani kwake, kisha akarudi na waragi katika kikombe cha bati.

"Kunywa kidogo tu," alisema. "Isikuue hii kitu."

Alikuwa analia. Nilikunywa, na siafu wakapungua. Kanisani wakasikia nimevunja kiapo, na zile pole zikaisha. Wewe unayesoma, usikubali mtu akufungie ndani uache pombe kwa siku moja ikiwa mwili umeshaizoea. Nilikaribia kufa, na hapakuwa na mtu aliyejua.

Tiba ya pili ilikuwa ya mganga wa kienyeji. Alitikisa viatu vyake vya ngozi, akavirusha chini, akasoma jinsi vilivyoanguka. Akasema dada yangu amekufa bila kuzikwa na ana kiu. Alitaka mbuzi na mtungi wa ajono wa kumwagia wafu. Sasa nani alipika huo mtungi? Mimi. Niliupika vizuri, maana sikujua kupika vibaya, na walipokwisha kuwamwagia wafu tukakaa kumalizia uliobaki. Huyo Amoit mwenye kiu hata asante hakusema.

Kilichofuata kilikuwa kupigwa chenga. Tulikwenda hospitali moja, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli ya boda boda na Omuse anafuata kwa miguu hadi kwenye lori lililotupeleka. Tukangoja barazani tangu asubuhi. Bwana mganga wa hospitali aliinamisha kichwa, akanusa.

"Huyu mama ananuka pombe," akamwambia Omuse. "Aache pombe kwanza. Kichwa itapona yenyewe."

Tulisikia kuna nyumba ya watawa wanaosaidia walevi. Tukaenda huko. Mtawa alinipokea vizuri, akanipa chai, akaniuliza habari zangu, nami nikamwambia asiongee kwa nguvu kwa sababu Amoit naye anaongea. Aliweka kikombe chini.

"Huyu ni mgonjwa wa akili," akasema. "Hapa hapana mtu wa hiyo. Peleka yeye hospitali."

"Tumetoka hospitali, sista."

"Rudisha."

Omuse ni mtu mpole. Siku hiyo tu ndiyo nilimsikia akipaza sauti mbele ya watawa. "Mke yangu ni mmoja!" alisema. "Nimkate katikati? Nusu nilete hapa, nusu nipeleke huko?" Kisha akaomba msamaha, tukarudi nyumbani na chupa ikarudi nyuma ya ghala.

Hatimaye nilipelekwa hospitali kubwa ya mbali, safari ya basi, nikiwa nimefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu nilikuwa nimejaribu kuruka dirishani. Sitaeleza wodi ile yote. Wengine tulilala wawili kitanda kimoja, na mlango ulifunguliwa kwa ufunguo uliokaa kiunoni mwa mtu. Walinichoma sindano, na sauti zikaanza kwenda mbali, kama redio iliyobebwa na mtu anayeondoka. Lakini shingo ilikaza ikageukia upande mmoja. Ulimi ukawa mzito, mate yakanitoka, miguu ikakataa kutulia hata nikikaa. Maziwa yalikauka kabisa. Nilinenepa mashavu hadi Omuse alipokuja kunichukua akapita karibu nami bila kunitambua, akaenda kumwamkia mwanamke mwingine.

Tulipokuwa tunatoka, muuguzi wa mlangoni alimpa Omuse pakiti ya vidonge, akasema, "Hii dawa na pombe hapana changanya. Umesikia?" Omuse akaitika. Nyumbani akamwambia mama yake, na mama yake akalishika neno lile kwa mikono miwili.

Yeye ndiye aliyetunza vidonge, amevifunga kwenye pindo la leso. Asubuhi ya kawaida aliniita, akafungua fundo, akanipa kidonge na maji, akanitazama hadi nimeze. Lakini asubuhi ya mtungi alitikisa kichwa. "Leo watu wanalima kwa Etyang," alisema. "Iko mtungi. Dawa hapana. Tusichanganye."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuacha mtungi. Ungeuachaje? Waliokuja kulima ni ndugu, aliyekufa ni ndugu, mtoto anayepewa jina ni wa ndugu. Dawa ndiyo iliyoweza kungoja hadi kesho. Tulitii maneno ya hospitali kuliko tulivyotii amri za kanisa. Hata mimi niliona fahari kwamba sijachanganya hata mara moja.

Wakati wa palizi mitungi ni michache, na nilipata nafuu. Nilishona, nilicheka, nilimpakata Emodo. Waragi niliigusa mara moja moja tu. Kisha wimbi ikaiva. Wavunaji leo kwetu, kesho kwa Etyang, kesho kutwa ng'ambo ya kijito, na kila jioni mtungi. Fundo la leso likakaa halifunguliwi. Sauti zilirudi, na chupa ikarudi ili kuzinyamazisha.

Siku ya darajani sikuwa nimelewa. Watu hawaamini, lakini chupa ilikuwa imeisha tangu jana yake. Amoit aliniambia yuko upande wa pili, na kwamba nimletee Emodo amwone. Nilimfunga mtoto mgongoni vizuri, nikafuata reli hadi kwenye daraja la mto. Kati ya mbao za reli niliona maji chini, mekundu na mengi. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Wanawake waliokuwa wakifua wakapiga mayowe, na wapakiaji wakakimbia kutoka stesheni. Etyang, aliyekuwa amekuja stesheni kumwona Omuse, ndiye aliyenifikia kwanza. Hakunishika mimi. Alifungua leso akamtoa mtoto, akampitisha nyuma kwa watu, ndipo akanishika.

Jioni ile wakakaa kikao, nami nikiwa mlangoni nasikia.

"Arudi kwao," Etyang alisema. "Watoto wanabaki hapa. Mimi sitazika mtoto wa huyu boma kwa sababu ya huruma."

Omuse alikaa kimya. Nilimchukia kwa kimya kile, kisha baadaye nikaelewa kwamba yeye pia alikuwa ameona maji yale. Mama mkwe ndiye aliyesema. Aliomba nirudishwe hospitali mara moja tu, halafu nitazamwe hadi mavuno mengine yaishe. Nikianguka tena, yeye mwenyewe atanifungia vitu vyangu. Wakakubaliana hivyo. Hadi siku hiyo watoto wote watalala kwa bibi yao, na Emodo sitamshika bila mtu mzima mwingine kuwapo.

Safari hii mama mkwe ndiye aliyenipeleka, na jirani yetu Nabwire akatusindikiza. Nabwire ni mwanamke wa Marachi aliyeolewa kwetu, mtu wa maneno mengi, na katika basi alimwambia kila abiria kwamba mimi ninaumwa tumbo. Wodini tulimkuta muuguzi mgeni, mama wa makamo mwenye miwani, aliyehamishiwa pale mwaka huo. Tulimwita Sista tu. Alimkalisha mama mkwe kwenye korido.

"Mama, huyu anameza dawa kila siku?"

"Kila siku, sista. Isipokuwa siku ya mtungi."

"Siku ya mtungi ni nini?"

"Siku ya pombe. Mlisema msichanganye. Sisi hatuchanganyi."

Sista alivua miwani. "Na hiyo siku ya mtungi ni mingi?"

Mama mkwe akaanza kuhesabu kwa vidole. Kulima kwa Etyang. Matanga ya mzee fulani. Jina la mtoto wa fulani. Kuezeka nyumba. Alipofika mavuno vidole vilikuwa vimekwisha, akabaki ameshika kidole gumba. "Wakati ya mavuno, sista..." Akaweka leso mdomoni. "Wakati ya mavuno ni kila siku."

Sijawahi kuuona uso wake vile, hata kwenye mazishi ya watu wake. Niliogopa Sista atamgombeza. Hakumgombeza.

"Kosa si yako, mama," alisema. "Sisi tuliwaambia nusu." Akanigeukia mimi. "Wewe sasa unasikiliza. Dawa ni kila siku. Mtungi ukiwa, dawa. Mtungi usipokuwa, dawa. Na pombe tunaacha hapa, kitandani, mimi nikikuona, si nyumbani peke yako. Ukitoka ukaanguka ukanywa, usiache dawa kujificha. Unameza, halafu unakuja kuniambia mimi. Sitakupiga."

"Ni ugonjwa gani utatibu kwanza?" Nabwire aliuliza, maana hakuweza kukaa bila kuuliza.

"Zote. Leo."

Sikumwamini, lakini alifanya hivyo hivyo. Siafu walipokuja, safari hii walikuja wachache, kwa sababu alinipa dawa ya kunituliza akaipunguza kidogo kidogo, na sindano nyingine aliyosema ni ya kuupa mwili nguvu. Shingo ilipokaza alileta dawa ya kulegeza shingo, kumbe ilikuwapo. Jioni kabla ya kutoka kazini alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Siku moja nilimwuliza kama dada yangu yuko hai.

"Sijui," alisema. "Siwezi kukudanganya hiyo. Labda yuko, labda hayuko. Lakini yule anakuita si yeye."

Nililia siku mbili. Hadi wakati ule nilikuwa nimemkimbia Amoit na kumtafuta, ila sikuwa nimemlilia. Hadi leo hatujapata habari zake, na jambo hilo hakuna sindano iliyoweza kuliondoa. Nasema hivyo ili mtu asiahidiwe kwamba akipona kila kitu kitakaa sawa.

Niliporudi nyumbani ilikuwa kabla ya mvua. Kila mwezi nilipanda basi kwenda kuchomwa sindano ya paja, nikirudi nimekaa upande. Benchi la Sista lilikuwa mwisho wa korido, na tuliokaa pale tulijuana: fundi cherehani mmoja aliyeogopa watu wanaomfuata, dereva wa lori aliyekuwa hana usingizi wala raha mpaka alewe, mwalimu mzee asiyesema neno. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kilianza nini. Sista alituita mmoja mmoja, akauliza habari za sauti na habari za chupa kwa pumzi moja.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Mwili wangu haukuwa wangu. Nilikuwa polepole, nikianza kufagia ua nafika katikati nasahau upande niliotoka. Omuse alilala chumba cha nje, akisema ni kwa sababu ya joto, na ulikuwa mwezi wa baridi. Emodo alikuwa amezoea kwa bibi. Nikimnyooshea mikono aliangalia kwanza kama kuna mtu mzima, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na hilo liliniuma kuliko sindano zote. Nabwire peke yake ndiye aliyeniita kwa jina langu na kunitania kama zamani. "Akisa, hiyo dawa inakunenepesha kuliko bwana wako alivyoweza," alisema mbele ya watu kisimani, nikacheka hadi mate yakanitoka, akanifuta kwa leso yake bila kuacha kuongea.

Nilianguka mara moja. Ilikuwa matanga ya mjomba, na mtu akanipa chupa kwa nia njema. Asubuhi yake nilimeza kidonge kichwa kikigonga, nikapanda basi kabla ya siku yangu. Sista alinisikiliza, akaniuliza nilikuwa wapi, na nani, na nilihisi nini kabla ya funda la kwanza. Kisha akaniambia nimkwepe huyo mtu mwaka mzima. Etyang hakuambiwa. Mama mkwe aliambiwa, na mimi mwenyewe, naye akaendelea kuchambua mboga.

Ndipo wimbi ikaiva tena. Sikupika. Nilisaga unga tu, ikifika kwenye chachu namwachia mke wa Etyang. Jioni ya kwanza ya wavunaji wakapanga viti, mirija ikagawanywa, na mmoja ukaletwa kwangu. Nilitikisa kichwa. Mzee mmoja wa upande wa Etyang akasema, bila kunitazama, kwamba tangu azaliwe anajua watu wa aina gani hukataa mrija.

Mama mkwe alinyoosha mkono akauchukua mrija wangu. Akautumbukiza mtungini kando ya wake.

"Huyu yuko hapa," alisema. "Yake nitavuta mimi."

Akavuta wake, akavuta wangu. Jambo kama hilo halikuwahi kuonekana Amagoro. Watu walitazamana, kisha mtu akacheka, na mazungumzo yakarudi kwenye mavuno. Alifanya hivyo kila mtungi, msimu mzima. Bibi wa watu, mstaarabu kanisani, akawa analewa mapema kuliko wote na kuanza nyimbo za harusi yake, na mimi ndiye niliyemshika mkono kumrudisha nyumbani.

Karibu na mwisho wa mavuno mama mkwe alifiwa na mwanamke waliyekua pamoja, upande wa Malaba. Alitoka asubuhi, na mke wa Etyang alikuwa shambani, basi Emodo akabaki uani na wasichana wakubwa, kisha wasichana wakaenda kuteka maji. Nilikuwa ninaanika mboga. Amoit akaniita. Muda mrefu nilikuwa sijamsikia, na sauti yake ilikuwa tamu, haikunitukana. Alisema mto umepungua sasa, na kwamba Emodo amekua, nimpeleke amwone.

Nilijua kwamba nikimwita mtu, habari itafika kwa Etyang kabla ya jua kutua, na mavuno yalikuwa hayajaisha. Ningeweza kunyamaza. Nilimtazama mtoto akicheza na gunzi la mahindi, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote.

"Nabwire! Njoo! Amekuja!"

Alikuja mbio na mikono yake ina unga. Hakuuliza nani amekuja. Alimchukua Emodo mapajani, akakaa kwenye kizingiti changu, akaanza kunisimulia ugomvi wa soko la Amagoro tangu mwanzo, na kila nilipogeuza kichwa upande wa reli alinivuta sikio. Amoit aliongea hadi alasiri. Kisha akaacha.

Mama mkwe alirudi jua likiwa limelegea. Nilimwambia hapo hapo uani, kabla mtu mwingine hajamwambia, na Etyang alikuwa amesimama karibu na zizi, anasikia.

"Mama, leo nimemsikia. Alitaka nimpeleke Emodo."

"Na wewe?"

"Nilimwita Nabwire."

Alivua viatu, akavikung'uta vumbi kimoja kimoja. Nilimchukua Emodo, tayari amesinzia, nikampelekea kama ilivyoamriwa. Hakunyoosha mikono.

"Mimi nimetembea tangu Malaba, nimelia siku mzima," alisema. "Sina nguvu ya mtoto. Lala naye."

Etyang akafungua mdomo. Mama yake akamtazama, naye akageuka akaenda kufunga zizi.

Emodo alilala kwangu, ubavuni mwangu, na Omuse akaja na blanketi lake kutoka chumba cha nje bila kusema neno la joto wala baridi. Asubuhi tulikuta mtoto amekojoa godoro zima. Nililibeba peke yangu hadi katikati ya ua, nikalianika mahali ambapo kila mtu wa boma lile angepita akaliona.